Maoni Yetu: Si bei iliyoiokoa Apple

Bei za kompyuta zinapanda tena. Viwanda vya chipu vimegeukia kuhudumia mitambo ya akili mnemba, ambako ndiko kwenye fedha nene, na chipu za kumbukumbu, zile ambazo mafundi wetu huziita RAM, zimekuwa adimu. Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo kwa miaka mingi ililitumia kuuzia RAM wanunuzi wa kawaida. Sasa mwenye kuunda kompyuta amebakiwa na mawili: ampandishie bei mteja ambaye mfuko wake tayari umetoboka, au ajikate faida yeye mwenyewe.

Katika mjadala huu jina la Apple halikosi kutajwa. Tutaambiwa kwamba mwaka 2008, uchumi wa dunia ulipoyumba, Apple ilikataa kugusa bei na ikashinda, basi na wengine wafanye vivyo hivyo. Habari hiyo husimuliwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo yenye mafunzo.

Tuanze na ile iliyo kweli. Benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba 15, 2008. Haukutimia mwezi, Oktoba 14, Apple ikatoa MacBook mpya ya alumini kwa dola 1,299. Soko lilikuwa likikimbilia upande mwingine kabisa. Asus ya Taiwan ilikuwa imeanza mwaka 2007 kuuza Eee PC, kikompyuta chenye kioo cha inchi 7 kwa chini ya dola 400, na Acer na wenzake wakaingia mbio hizo. Wachambuzi wa hisa wakataka kujua Apple itatoa lini chake. Wiki moja baada ya uzinduzi, Steve Jobs akawajibu kwamba kampuni yake haijui kutengeneza kompyuta ya dola 500 ambayo si takataka.

Microsoft ikaona mwanya. Matangazo yake ya televisheni ya mwaka 2009 yalionyesha mnunuzi aliyepewa dola 1,000 akatafute kompyuta mpakato. Anaingia duka la Apple, anatoka mikono mitupu, kisha anachukua HP ya dola 699 na kushangilia. Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, alisema Machi mwaka huo kwamba kuongeza dola 500 kwa ajili ya nembo, katika hali kama ile, ni mtihani kwa mtu wa kawaida. Hakusema uongo. Kati ya Januari na Machi 2009 Apple iliuza Mac milioni 2.22, pungufu ya asilimia 3 kuliko kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Duniani kote, katika kila kompyuta 20 zilizouzwa, Mac haikufika hata moja.

Lakini idadi ya mashine ni kipimo kimoja tu, na mara nyingi ndicho kinachopotosha. Daladala inaweza kujaa hadi mlangoni huku nauli haitoshi mafuta. Kampuni ya utafiti ya NPD ilipopima maduka ya Marekani Juni 2009, ilikuta kwamba katika fedha zote zilizolipwa kwa kompyuta za dola 1,000 na zaidi, asilimia 91 ziliingia Apple. Waliobaki waligawana wateja wengi wenye faida kiduchu. Asus, iliyoanzisha mtindo wa vikompyuta, ilipata hasara katika robo ya mwisho ya 2008. Hata Microsoft yenyewe iliumia: ili vikompyuta hivyo visihamie Linux, iliendelea kuviuzia Windows XP ya zamani kwa bei ya kutupa, na Aprili 2009 ikatangaza kwamba mapato yake ya robo mwaka yamepungua ukilinganisha na mwaka uliotangulia, jambo ambalo halikuwahi kuitokea tangu ilipoanza kuuza hisa mwaka 1986. Kufikia 2013 Asus na Acer walikuwa wameachana na vikompyuta hivyo.

Hapo ndipo msimuliaji wa kawaida hufunga kitabu, na kuacha mambo matatu.

Kwanza, Apple ilishusha bei. Siku ileile ya Oktoba 14, MacBook nyeupe ya plastiki ilitolewa dola 1,099 ikawekwa 999. Juni 2009 ile ya alumini ilipewa jina la MacBook Pro na bei yake ikawa dola 1,199, huku MacBook Air ya kuanzia ikishuka kutoka 1,799 hadi 1,499. Mfumo endeshi mpya, Snow Leopard, uliuzwa kwa dola 29 wakati uliotangulia ulikuwa dola 129. Ukigawanya mapato ya Mac kwa idadi iliyouzwa, utaona kwamba wastani ulishuka kutoka karibu dola 1,480 mwaka wa fedha 2008 hadi karibu dola 1,330 mwaka 2009. Mashine zilizouzwa zikaongezeka kutoka milioni 9.7 hadi milioni 10.4. Jukwaani Jobs alidharau kompyuta rahisi. Kwenye orodha ya bei, kalamu ilikuwa kazini. Hatumlaumu, ndiyo biashara. Tunawalaumu wanaosimulia maneno yake na kusahau orodha.

Pili, Apple iliingia katika msukosuko ule ikiwa na akiba ya karibu dola bilioni 25, bila deni, na iPhone ikiwa ndiyo kwanza inakua. Mwenye akiba kama hiyo anaweza kumsubiri mteja arudi. Kampuni inayotegemea mauzo ya mwezi huu kulipa mishahara ya mwezi huu haiwezi.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, Apple ilikuwa na kitu ambacho jirani hakiuzi. HP, Dell na Acer zote ziliuza Windows ileile na chipu zilezile za Intel. Mteja akitofautisha, anatofautisha bei. Mtaka mfumo wa Mac hakuwa na mlango mwingine wa kugonga.

Anayedhani bei ya juu inatosha arudi nyuma, aitazame Apple hiyohiyo kabla Jobs hajarejea. Mwaka 1988 nako kulikuwa na uhaba wa chipu za kumbukumbu, kama wa leo. Apple, chini ya John Sculley, ilinunua chipu nyingi kwa bei ya kuruka, kisha Septemba ikampandishia mteja. Mauzo yakalegea, chipu zikashuka bei sokoni, na ghala likabaki na shehena ya gharama. Mwanzoni mwa 1989 ililazimika kuzirudisha bei chini. Haikuwa balaa bado, kwa sababu Mac ilikuwa mbali mbele ya washindani. Miaka iliyofuata umbali huo ulipungua, hadi Windows 95 ilipotoka mnamo Agosti 1995 na mtu wa kawaida akakosa sababu ya kulipa ziada. Mwaka wa fedha 1996 Apple ilipoteza dola milioni 816, na uliofuata zaidi ya bilioni 1. Agosti 1997 ilipokea dola milioni 150 kutoka Microsoft, mshindani wake.

Ilijaribu pia dawa ya kinyume. Iliziruhusu kampuni nyingine kutengeneza kompyuta za bei nafuu zenye mfumo wa Mac, ikitarajia kupanua soko. Wateja waliozinunua wakawa walewale waliokuwa wakinunua Mac. Jobs alisitisha mpango huo mwaka 1997, akafuta sehemu kubwa ya orodha ya bidhaa, na mwaka uliofuata akatoa iMac. Bei yake? Dola 1,299, ileile ya MacBook ya miaka 10 baadaye. Haikuwa rahisi, na watu waliinunua, kwa kuwa safari hii walikiona walichokilipia.

Kwa hiyo kampuni itakayopandisha bei mwaka huu na kujitetea kwa jina la Apple, iulizwe: unauza nini ambacho hakipo duka la pili? Kama jibu ni nembo, wateja watahama, na ni haki yao. Kama ina cha kuonyesha na akiba ya kuvumilia, ishikilie bei yake na isihangaike kuhesabu fungu la soko.

Sisi huku tutaguswa hata tusiponunua kompyuta mpya. Laptop nyingi zinazouzwa Nairobi na Dar es Salaam zimeshatumika katika ofisi za Ulaya na kwingineko. Ofisi hizo zikichelewa kubadilisha mashine kwa sababu mpya ni ghali, mzigo unaotufikia unapungua na bei ya dukani inapanda.

Ukienda kununua, uliza RAM kabla ya kuuliza jina. Oktoba 2024 Apple iliongeza RAM ya MacBook Air ya kuanzia kutoka gigabaiti 8 hadi 16 bila kuongeza bei, kwa hiyo muuzaji anayekutajia bei ya 16 huku akikupa ya 8 anakuibia. Na katika kompyuta nyingi nyembamba za leo, MacBook zote mpya zikiwemo, utakayoondoka nayo dukani ndiyo hiyohiyo. Fundi hawezi kukuongezea nyingine baadaye.