“Utazoea” si jibu: Injini ya kubadilisha isitese gari lako

“Kijana, hii gari yenu iko na malaria.”

Mama mmoja aliniambia hivyo akishuka kwenye van yetu, tukiwa tumebeba kwaya kutoka Umoja kwenda harusini. Wenzake waliangua kicheko. Nami nikacheka, lakini moyoni nilijua amesema kweli. Gari likisimama kwenye taa za barabarani, viti vilitetemeka, vioo vikalia na chupa ya maji ikacheza densi kwenye dashibodi.

Van hiyo, Toyota Hiace ya kitambo, tuliinunua watu watatu kwa pesa za chama. Ilikuja na injini ya petroli. Ilipokufa, tuliambiwa tuweke dizeli aina ya 5L kwa sababu haisumbui na spea zake zinapatikana. Ushauri haukuwa mbaya. Ubaya ulikuwa jibu la fundi tulipolalamika kuhusu mtetemo: “Hiyo ni dizeli, boss. Utazoea.”

Wasee, msikubali jibu hilo. Mtetemo uliopita kiasi ni ishara kwamba kazi haijaisha, na atakayeilipia ni wewe.

Sisi tulilipa. Kwanza bomba la moshi lilipasuka kwenye kiungo. Kisha kishikizo cha rejeta kikakatika. Halafu waya ukasuguana na chuma hadi ukachubuka, tukalala njiani na mzigo wa mtu. Kila mwezi tulikuwa gereji, na kila mara tulidhani ni shida mpya. Kumbe shida ilikuwa ile ile moja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 750 kwa dakika, gari likiwa limesimama, huchoma mafuta mara 25 kila sekunde. Kila mara ni kama ngumi. Ngumi ya dizeli ni nzito zaidi kwa sababu dizeli hubana hewa karibu mara mbili ya petroli, au hata zaidi. Kinachozuia ngumi hizo zisifike kwa kiti chako ni mauntingi, yale mapande ya raba na chuma yanayoshika injini na giaboksi kwenye chasisi. Na katika Hiace, injini iko chini ya viti vya mbele. Dereva ameketi juu ya ngoma!

Mzee mmoja fundi wa Kariobangi ndiye aliyetufungua macho. Hakukimbilia spana. Alituambia, “Vijana wangu, kwanza tusikilize.” Akaliwasha gari likiwa limesimama, halijaingizwa gia, akakanyaga mafuta polepole. Likitetemeka hapo, alisema, tafuta kwenye injini na vishikizo vyake. Kisha tukaenda barabarani, akashika mwendo, akatoa gia na kuliacha gari liserereke. Mtetemo ukiendelea hata injini ikiwa imetulia, angalia propela na magurudumu.

La kwetu lilifeli mitihani yote miwili. Mauntingi zilikuwa vipande vya tairi kuukuu vilivyokatwa kwa kisu na kukazwa kwa boliti. Raba ya tairi ni ngumu mno kwa kazi hiyo, hivyo ilipitisha kila ngumi. Chuma kinachoshika giaboksi kilikuwa kimechomelewa chini kupita kiasi, kwa hiyo propela haikukaa kwa pembe inayofaa. Bomba la moshi nalo liligusa sakafu ya gari.

Alifungua nati za mabomba ya nozeli moja moja, injini ikinguruma, ili ajue kama kuna silinda isiyofanya kazi. Zote zilikuwa sawa. Akaweka mauntingi halisi za dizeli, akakaza boliti baada tu ya injini kutulia mahali pake, akainua giaboksi na kuweka kipande cha bomba kinachopindika kwenye njia ya moshi. Gharama yote haikufika robo ya bei ya injini.

Gari bado hutetemeka kidogo. Ni dizeli, si kitanda. Lakini chupa haichezi tena.

Najua kuna watakaosema, “Wewe ongea tu, sisi doo hatuna.” Ni kweli, maisha ni magumu, na hakuna kijana anayebadilisha injini kwa raha. Lakini ndiyo sababu nasema. Tukienda Grogan tunabishana bei ya injini hadi jasho linatutoka, halafu kazi ya kuifunga tunaiachia chenji iliyobaki. Tunapombana fundi hadi senti ya mwisho, tunamfundisha kukata tairi. Lawama zote si zake.

Pia tumfikirie dereva. Mtu anayetikiswa tangu alfajiri hadi usiku, siku sita kwa wiki, anauharibu mgongo wake. Kiti cha sponji hakitamwokoa.

Kwa hivyo kabla hujatoa hela, muulize fundi maswali matatu. Mauntingi ni za injini gani? Propela itakaa kwa pembe gani? Nikirudi baada ya wiki mbili, utakagua boliti bila kunidai tena? Akikasirika, tafuta mwingine. Na kazi ikiisha, peleka gari likaguliwe na ubadilishe nambari ya injini kwenye rekodi za NTSA, usije ukashikwa na gari ambalo karatasi zake zinasema kitu kingine.

Injini ni moyo wa gari, sawa. Lakini hata moyo mzuri unahitaji kifua cha kuushika.