Neno la Mhariri: Mpagazi Aandikwe kwa Jina

Ukisimama Lembeni ukatazama magharibi, kwenye tambarare inayoshuka hadi mto Ruvu, unaitazama njia kuu ya zamani. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Pangani, ikafuata bonde la mto, ikapita chini ya milima ya Upare hadi Uchaggani. Waliobeba shehena katika njia hiyo waliitwa wapagazi, na toleo hili ni lao. Nadai jambo moja: historia ya Upare itabaki pungufu mpaka watu hao waandikwe kwa majina.

Tuanze na neno lenyewe. Safari, msafiri na msafara tumeyapata kutoka Kiarabu. Mpagazi ni neno la Kibantu. Limetokana na kitenzi kupagaa, yaani kubeba mzigo begani au kichwani, na limeundwa kwa kanuni ile ile iliyotupa mwokozi kutoka kuokoa na mnunuzi kutoka kununua. Kupagawa, tunakosema mtu anapopandwa na pepo, ni tawi la shina hilo hilo. Kwa asili, basi, neno linataja kubeba tu. Mwendo uliongezwa na matumizi. Hamali alipakua bandarini na jioni akarudi kwake. Mpagazi aliondoka akijua kwamba atalala njiani kwa miezi.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila 2, karibu kilo 32, mbali na mkeka na chungu chake mwenyewe. Kirangozi alitangulia na bendera, wenzake wakafuata na marobota ya vitambaa vya merikani na kaniki, na wakati wa kurudi, pembe za ndovu. Kila mmoja alipewa posho: kibaba cha nafaka, au nguo na shanga za kununulia chakula. Leo posho ni fedha anayotia saini mjumbe kikaoni. Aipokeaye akumbuke kwamba kabla yake iliwalisha watu waliotembea kutwa na mzigo begani.

Watu wa milima yetu hawakukaa pembeni wakitazama. Wahunzi wa ukoo wa Washana huko Ugweno walifua chuma kilichotafutwa mpaka Uchaggani, na chuma hicho kilifika kwa mabega ya watu. Misafara ya pwani ilipoongezeka, watu wa mlimani waliteremsha chakula kuiuzia. Lakini njia hiyo hiyo ilileta bunduki na biashara ya watumwa, na Wapare wengi walikamatwa wakapelekwa pwani. Mpagazi wa ujira na mateka aliyefungwa walikanyaga vumbi moja. Tusiwachanganye, wala tusimsahau yeyote kati yao.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na behewa likachukua kazi ya bega. Haikupita miaka mitano, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaurudisha upagazi, safari hii kwa amri ya serikali. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliteremka kutoka Kilimanjaro kwa kufuata reli na mto, yakapita hapa kwetu. Katika vita vile wabebaji walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao. Jina la kikosi limebaki. Ya watu wenyewe, mengi yamepotea.

Kwamba hili lingeweza kuwa vinginevyo, ushahidi upo. Kila kitabu kinawataja Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki juu kwenye baridi akilinda kambi yao, tunamjua kwa sababu Meyer alimwandika. Mstari mmoja wa wino ulitosha kumtoa katika kundi la wasiojulikana.

Kazi ya upagazi haijaisha. Vijana wanaobeba mizigo ya watalii Kilimanjaro wanajiita wagumu. Mzigo wanaobebeshwa na kampuni umewekewa kikomo cha kilo 20, nao hupimwa kwenye mizani getini. Kikomo hicho kisimamiwe bila kuoneana haya, na ujira wao ulipwe kwa wakati. Tukiwaenzi wapagazi wa kale huku tukiwapunja wa leo, tutakuwa tumesema uongo.

Kwako msomaji wa Usangi, Ugweno, Same au Gonja, nina ombi. Kaa na mzee wako. Muulize nani katika ukoo alibeba, alibeba nini, alipita njia ipi, alilala wapi, alilipwa nini. Andika jina lake kamili na la kijiji chake, kisha utuletee. Profesa Isaria Kimambo aliandika historia ya Upare, iliyochapishwa mwaka 1969, kwa kuwasikiliza wazee wa milima hii. Wazee wale wengi wametangulia. Tulio nao sasa bado wanakumbuka, na wanasubiri kuulizwa. Waulize mwaka huu.