Injini Ikivunjika Angani

Msimu wa kwenda nyumbani likizo unakaribia, na wapo wazazi ambao tiketi wameshakata lakini hofu haijawatoka: injini ikipasuka angani, itakuwaje?

Wahandisi hugawa jambo hili mafungu mawili. La kwanza, vipande hubaki ndani ya ganda la injini au hutokea nyuma tu. Rubani huizima, akatua kwa injini iliyobaki. Ndege ya abiria hutengenezwa iweze kufanya hivyo. La pili, vipande hutoboa ganda na kuruka ubavuni. Hapo ndipo penye hatari, kwani vyaweza kukata mabomba ya mafuta na nyaya, au kuwafikia abiria.

Panga moja la feni likikatika, ganda linatakiwa kulizuia. Kabla injini ya aina mpya haijaruhusiwa, panga hukatwa makusudi kwa baruti huku injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Lakini diski inayoshika mapanga ikipasuka, nguvu yake haizuiliki. Ndiyo maana safari za diski huhesabiwa, na zikitimia hung'olewa hata kama inaonekana nzima.

Tarehe 4 Novemba 2010, diski ya turbaini katika Airbus A380 ya Qantas ilipasuka muda mfupi baada ya ndege kuruka Singapore. Bomba dogo la oili lilikuwa limepata ufa, moto ukawaka ndani. Vipande vilitoboa bawa, lakini ndege ilirudi Singapore na watu wote 469 walishuka salama.

Tarehe 17 Aprili 2018, panga la feni katika Boeing 737 ya Southwest lilikatika kwa uchovu wa chuma. Kipande cha mfuniko wa nje kikavunja dirisha, na abiria aliyeketi hapo alifariki. Kepteni Tammie Jo Shults aliiteremsha ndege Philadelphia. Picha za ndani zilionyesha abiria waliovaa barakoa za oksijeni mdomoni tu, pua wazi.

Hapo sasa ni kazi yetu, si ya rubani. Funga mkanda muda wote uketipo. Barakoa ifunike pua na mdomo. Jivalishe wewe kwanza, kisha mtoto: huko juu hewa ikipungua, fahamu hupotea upesi, na mama aliyezimia hawezi kumwokoa mwanawe. Wafundisheni watoto hayo nyumbani, kabla ya kufunga mabegi.