MNDIMU WA MPANGAJI

Mtu akitoka Mbinga kwenda Mbamba Bay huiacha baridi ya vilima vya Wamatengo, akashuka mpaka kwenye joto la Ziwa Nyasa, lililo mita zipatazo 470 tu juu ya usawa wa bahari. Katika safari hiyo fupi hutoka nchi isiyoupenda sana mndimu, akafika nchi iupendayo, kwa maana mti huu huogopa baridi kuliko mchungwa na mlimau.

Lakini leo hatutaki kuilaumu baridi. Adui mkubwa wa mndimu, vilimani na ufukoni, ni neno ambalo wafanya kazi wengi wamekwisha lisikia siku ile ile walipolipa kodi ya kwanza: “Hapa usipande mti wa kudumu.” Mwalimu, muuguzi, karani wa ushirika wa kahawa, dereva, wote hao ni wapangaji. Hatusemi kwamba mwenye nyumba ni mtu mbaya. Katika desturi zetu mti wa kudumu ni shahidi, na aliyepanda mwembe leo huweza kesho kudai fidia, au hata uwanja wenyewe. Hofu hiyo twaielewa. Ila matokeo yake ni kwamba mfanya kazi hukaa miaka minane katika nyumba moja, akila dagaa wa ziwa hili, na kila ndimu huinunua sokoni kama mgeni aliyefika jana.

Wala ndimu si pambo la sahani. Maji yake huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, na upungufu wa chuma ni sababu moja kubwa ya mama wajawazito kupungukiwa damu.

Basi na apande katika chombo. Pipa lililokatwa nusu, au ndoo kubwa iliyotobolewa matundu chini, ni shamba ambalo mpangaji aweza kuhama nalo. Atie udongo wa juu, mchanga kidogo na samadi iliyooza. Wamatengo, ambao kwa ngoro zao huulisha udongo kwa nyasi zilizofukiwa, hawangoji kufundishwa nasi jambo hili. Mche wa mbegu hukawia miaka kadhaa, uliobebeshwa huzaa mapema. Chombo hukauka upesi kuliko ardhi, kwa hiyo wakati wa kiangazi maji yasisahauliwe, wala yasituame. Mwezi wa Juni na Julai aliye Mbinga akisogeze penye ukuta upatao jua. Aliye Liuli hana taabu hiyo. Na akiona juu ya jani kitu kama kinyesi cha ndege kinachotambaa, huyo ni kiwavi wa kipepeo. Amwondoe kwa mkono, asikimbilie dukani kutafuta sumu.

Twawaomba wenye nyumba wakubali chombo hicho uani, na mapatano yaandikwe kwa mistari miwili: mti ni wa mpangaji, uwanja ni wa mwenye nyumba. Ama waajiri wenye nyumba za watumishi, hao hawana hata sababu ya kuogopa. Hakuna mwalimu atakayeudai uwanja wa shule kwa ajili ya mndimu. Waache upandwe ardhini, na mtumishi anayehamishwa amwachie mwenzake ajaye.