Mteja wa Juba ambaye bado hana meno

Katikati ya mwaka 2023, mamlaka ya viwango ya Sudan Kusini ilipozuia malori ya mahindi kutoka Uganda katika mpaka wa Elegu na Nimule kwa sababu ya sumukuvu, mjadala ulihusu madereva waliokwama, mitaji iliyofungiwa ndani ya magunia na ujirani mwema. Yote hayo yalistahili kusemwa. Asiyetajwa ni mlaji mmoja tu: mtoto wa Juba aliyetimiza miezi sita.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo huanza kulikizwa: chakula mara mbili hadi tatu kwa siku mpaka mwezi wa nane, kisha mara tatu hadi nne, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Katika nyumba nyingi za Juba chakula hicho cha kwanza ni madida, yaani uji wa mtama au wa mahindi, na mama mwenye uwezo huongeza karanga zilizosagwa. Mtama hulimwa nchini. Unga wa mahindi, kwa sehemu kubwa, hupanda lori Uganda na kufika sokoni Konyo Konyo kwa barabara ya Nimule yenye kilomita 192.

Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zenye unyevu. Unga wenye sumu hiyo waweza kuonekana mweupe na safi kabisa, na kuuchemsha jikoni hakuiondoi. Mtu mzima hubadilisha mlo. Leo ugali, kesho muhogo, keshokutwa wali. Mtoto wa miezi minane hupewa uji uleule kila siku, na mwili wake ni mdogo. Utafiti uliofanyika Benin na Togo na kuchapishwa mwaka 2002 uliikuta sumu hii katika damu ya karibu watoto wote waliopimwa, na watoto waliokuwa na kiwango kikubwa zaidi ndio waliokuwa wamedumaa zaidi. Walioachishwa ziwa walikuwa na sumu nyingi kuliko wale waliokuwa bado wananyonya.

Kenya iliona sura yake kali mwaka 2004, pale watu 317 walipougua, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Vifo vya namna hiyo huandikwa magazetini. Udumavu hauandikwi, kwani hakuna siku unayotokea.

Kwa hiyo hoja kwamba ukaguzi wa Nimule ni kikwazo cha biashara kilichovishwa koti la afya haitoshi. Kiwango chenyewe hakikubuniwa Juba. Ni cha Afrika Mashariki nzima: sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, ile ya aina ya B1 isizidi 5, na unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Shida huanza shambani, mahindi yanapoanikwa juu ya udongo mtupu, na huendelea kwenye mizani, kwa sababu mahindi mabichi ni mazito na mnunuzi anayelipa kwa kilo hamlipi mkulima kwa kusubiri yakauke. Anayekausha vizuri anapata hasara. Hapo ndipo biashara hii ilipopinda, na ni wafanyabiashara wenyewe wanaoweza kuinyoosha kwa kulipa zaidi mzigo mkavu.

Serikali nazo zina fungu lao. Lori lililoondoka Masindi likiwa kavu, likakaa mpakani siku kadhaa chini ya turubai lililotoboka msimu wa mvua, laweza kufika likiwa limeota ukungu. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na upimaji inataka alama ya ubora ya nchi mwanachama itambuliwe na nchi nyingine, na Sudan Kusini ni mwanachama tangu 2016. Kupima mara mbili shehena ileile ni kuongeza siku za kuoza. Lakini Juba haiwezi kulazimishwa kuamini karatasi kama karatasi hiyo inauzwa, au kama ilitolewa kwa mzigo mwingine.

Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania Machi 2021, iliruhusu tena ndani ya siku chache kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha sumukuvu. Masharti ya aina hiyo yanaweza kufanya kazi Nimule, mradi upimaji ufanyike ghalani kabla ya kupakia, ambako mzigo uliokataliwa bado unaweza kwenda kwingine bila nauli ya kurudi.

Na karanga zipimwe pia. Zinapita mpaka huohuo kwa magunia machache machache, na huishia kwenye kibakuli kilekile cha mtoto.