Kuongeza maji si kutengeneza trakta

Mangobo, Kisangani – Trakta ya zamani inayotembea na bidoni la maji kila siku haijapona. Wenye mashine humwambia dereva aongeze maji, kazi iendelee. Hilo ni kosa, na anayeumia ni mkulima. Familia iliyokimbia mapigano ya Lubunga mwaka 2023, ikikodi shamba, haina pesa ya kulipa mara mbili.

Fundi atafute kwanza maji yanatokea wapi. Injini ikiwa baridi, apanguse vumbi, ajaze radiata, awashe, kisha atazame mipira na vibano vyake, radiata yenyewe, na chini ya pompa ya maji. Mara nyingi kibano kimelegea tu.

Lakini maji yakipungua bila tone kuonekana, moshi ukibaki mweupe hata injini ikipata moto, au oili ikigeuka kama maziwa, huenda jointi ya kichwa cha injini imeungua. Mashine isimame siku hiyohiyo.

Kifuniko cha radiata kisifunguliwe kikiwa moto, wala maji baridi yasimwagwe ndani ya injini inayochemka: chuma hupasuka.

Mwenye trakta asipokee pesa ya mkulima kabla ya kuziba panapovuja.