Bendera nyekundu haizuii risasi

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa viwanja vya kulenga shabaha karibu na malisho, jibu la kwanza huwa bendera nyekundu na walinzi. Bendera humwonya mtu tu. Hata risasi ndogo ya .22, ambayo wengi huiona ya mchezo, hufika zaidi ya kilomita moja isipokuta kizuizi. Dawa yake ni tuta refu la udongo laini nyuma ya shabaha, uliochekechwa mawe, kwani jiwe moja lililojitokeza latosha kuirusha risasi juu ya tuta lenyewe. Kwa hiyo mchoro uanze na ardhi iliyo nyuma ya tuta, si na banda la wafyatuaji.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa, nami sibishi. Lakini mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu walioumia au kufiwa kutokana na mabomu yaliyosalia kwenye maeneo ya mazoezi ya jeshi nchini Kenya. Yale yalikuwa mabomu, sawa, ila kosa ni lilelile: mpaka ulikuwa kwenye ramani, na mbuzi hawasomi ramani. Tena risasi (Kiswahili huiita hivyo hata metali yenyewe) hubaki tutani ikisubiri mvua isombe sumu yake mteremkoni. Mtaro na bwawa la kutuamisha maji vichorwe mapema, kabla kijiji hakijachimba kisima chini ya mteremko.

Msomaji,
Nanyuki